Mlenda mkavu, ugali wa uwele na "kiasi" cha bibi: kuandika mapishi ya ukoo msimu wa baridi Dodoma

Ukimwuliza bibi magadi anatia kiasi gani, atakujibu, "Kiasi tu, mjukuu wangu." Halafu atatia, na mlenda utavutika. Wewe ukirudi mjini ukatia "kiasi" chako, unapata maji ya kijani yenye ladha ya sabuni. Kosa liko kwenye lile neno "kiasi", ambalo hakuna aliyewahi kuliweka kwenye mizani. Hapa tunaeleza namna ya kulipima, kwa mapishi mawili ambayo nyumba nyingi za Dodoma zimeyarithi: mlenda mkavu wa karanga na ugali wa uwele. Njugu mawe, kande za mtama na mboga ya majani ya kunde zinaandikwa kwa njia hiyohiyo.

Wakati wake ni Juni hadi Agosti. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Ikifika Juni uwele na mtama vimeingia nyumbani, karanga zimeng'olewa na kukauka, na mlenda ulioanikwa Machi na Aprili umo kwenye kopo. Shule hufungwa mwezi huo, kwa hiyo wajukuu wapo. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 na upepo haupumziki, watu wanasogea jikoni bila kuitwa. Ukisubiri hadi Oktoba utakuta joto kali na kopo la mlenda limebaki robo, na bibi hatakubali kulimaliza kwa ajili ya majaribio yako.

Kuupima mkono wa bibi

Vifaa ni vichache: mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, bakuli mbili, daftari la karatasi na simu ya kurekodi sauti. Video peke yake haitoshi. Unaona mkono ukimwaga unga, lakini uzito wa unga huo hauonekani.

Pima chombo, mwache mpishi apike. Weka unga kwenye bakuli, pima pamoja na bakuli lake, andika. Bibi achote kwa mkono kama alivyozoea. Chakula kikiiva, pima bakuli tena. Kilichopungua ndicho kipimo chake. Kopo la chumvi lipime hivyohivyo, na jagi la maji pia, kwa kuwa gramu moja ya maji ni mililita moja. Ukimkatisha kila dakika ili uweke kijiko kwenye mizani, ataanza kupika kwa kukuridhisha wewe, na utaandika vipimo ambavyo hajawahi kuvitumia maishani mwake.

Magadi yana hila yake, maana mizani ya jikoni haisomi vizuri kitu cha gramu moja. Tandika karatasi, mwombe achote kwa vidole mara kumi mfululizo kama vile anatia kwenye sufuria kumi. Pima yote kwa pamoja, gawa kwa kumi. Njia hii inafaa pia kwa pilipili ya unga na chumvi ya kuonjea.

Dakika usiziandike peke yake. Moto wa kuni, jiko la mkaa na gesi haviendi mwendo mmoja. Andika dalili: ngozi ya nyanya imejikunja, povu limeshuka, mafuta ya karanga yameanza kuelea pembeni. Kisha pima upana wa sufuria na uandike kama ilifunikwa au iliachwa wazi. Mtu akipika kipimo cha sufuria ya sentimita 24 kwenye sufuria ya sentimita 32, maji yatakauka kabla karanga hazijaiva, naye ataulaumu mlenda.

Maswali ya kuuliza ni ya aina hii: ukikosa nyanya unafanyaje? Magadi yakizidi unauokoaje? Mama yako alikuwa anafanya tofauti wapi? Swali la "unaweka nini na nini" humpa mtu nafasi ya kutaja orodha na kunyamaza. Maswali ya kuharibika ndiyo yanayomfungua, na ukishauliza, nyamaza hata kama kimya kinakukera.

Rudieni pishi moja mara tatu, siku tofauti. Chumvi ikija gramu 6, 7, 6, umeipata. Magadi yakija 1 halafu 3, kuna sababu: pengine siku ya kwanza yalikuwa ya unga na siku ya pili ya mawe, au majani hayakuwa ya aina moja.

Hapo kwenye aina ya majani ndipo madaftari mengi yanapoharibika. "Mlenda" ni jina la mimea kadhaa inayoteleza. Upo wa jamii ya jute, wenye majani membamba yenye meno pembeni, na upo wa jamii ya ufuta mwitu unaojiotea mashambani mvua zikinyesha. Nguvu ya kuvutika haifanani, wala ladha. Kwa hiyo mwombe akutajie jina kwa lugha ya nyumbani, Kigogo, Kirangi, Kisandawe au Kinyaturu, liandike kama anavyolitamka, na ubandike jani moja lililokaushwa kwenye ukurasa huohuo kwa selotepu. Bila jani hilo, mjukuu wa mjukuu atapika kitu kingine kwa jina lilelile.

Kukausha mlenda

Kazi hii ni ya Machi na Aprili, mvua ikianza kuachia. Ikiwa umekwisha kuchelewa, soma kwa ajili ya mwaka ujao na urukie upishi hapo chini.

Chuma majani machanga na ncha zake, umande ukishakauka, kama saa nne asubuhi. Yaliyochumwa na umande huwa meusi kabla hayajakauka. Ondoa mabua magumu, maua na majani yenye madoa. Kuosha ni kwa haraka: tumbukiza kwenye beseni la maji mengi, korogakoroga, kisha yanyanyue kwa mikono na uache mchanga chini. Usiyamimine pamoja na maji, utakuwa umeurudisha mchanga juu yake. Yaache yachuruzike kwenye ungo.

Tandaza safu nyembamba, majani yasilaliane, juu ya wavu au mkeka ulioinuliwa kutoka ardhini, kivulini penye upepo. Geuza asubuhi na alasiri. Jioni ingiza ndani, kwa sababu umande wa usiku mmoja unarudisha kazi ya mchana mzima. Kwa upepo wa Dodoma siku mbili hadi nne zinatosha.

Wapo wanaoanika juani juu ya bati kwa sababu ni siku moja tu. Bati halifai. Linaunguza jani la chini huku la juu likiwa bado bichi, na jua kali linapoteza vitamini A nyingi pamoja na ile rangi ya kijani. Kama kivuli hakipo, funika majani kwa kitambaa chepesi cheusi. Kinazuia mwanga na pia vumbi la barabarani.

Jani limekauka pale linapovunjika kwa sauti kiganjani na kijiti chake kinakatika badala ya kujikunja. Kama bado linajikunja, lirudishe. Majani yakishakauka yaache yapoe kabisa kabla ya kufunga, kwani yakifungwa na joto hutoa jasho ndani ya kopo, na baada ya wiki mbili utafungua na kukuta ukungu. Mlenda wenye ukungu ni wa kutupa wote, hauchambuliwi.

Kilo moja ya majani mabichi hutoa takriban gramu 120 hadi 180 za makavu. Twanga kwenye kinu kikavu, chekecha, mabaki rudisha kinuni. Kisha jaribu mchanga: tia kijiko kimoja cha unga wa mlenda kwenye glasi ya maji, zungusha, subiri dakika mbili, angalia chini. Ukiona punje zinang'aa, unga huo usipeleke kwa mgeni. Mchanga kwenye mlenda hausameheki, na mtu akishausaga kwa meno mara moja atakumbuka miaka.

Majani ya kunde ni tofauti kidogo: yachemshe kwanza dakika tatu hadi tano kwenye maji yenye chumvi kidogo, chuja, ndipo uanike. Mlenda wenyewe hauchemshwi kabla ya kuanikwa, ute wake wote utabaki kwenye maji.

Kupika mlenda wa karanga, watu watano

Maji mililita 750. Unga wa mlenda gramu 35, sawa na vijiko vinne au vitano vya chakula. Karanga mbichi zilizotwangwa laini, gramu 100. Nyanya mbili za wastani. Chumvi kijiko cha chai kimoja. Magadi robo kijiko cha chai, hata pungufu. Vipimo hivi ni vya kuanzia. Vya bibi yako vikishapatikana, futa hivi uandike vyake.

Magadi yaloweke kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, yaache yatulie, tumia maji ya juu na mwaga takataka za chini. Nyumba nyingine hutumia maji ya majivu yaliyochujwa, na kazi ni ileile: kulainisha majani, kuutoa ute na kushika rangi ya kijani. Yakizidi ndipo inapokuja ladha ya sabuni, na vitamini nazo zinaharibika. Mwenye shinikizo la damu akumbuke kwamba magadi ni chumvichumvi pia, apunguze chumvi ya kawaida.

Chemsha maji, tia nyanya zilizokatwa ndogo na chumvi, ziive mpaka zipondeke. Ndipo utie maji ya magadi. Yataumuka povu ghafla, kwa sababu ukali wa nyanya unakutana na magadi, kwa hiyo sufuria isijae zaidi ya nusu. Hiyo ndiyo sababu pia ya kutozidisha nyanya: zikiwa nne au tano zinaimeza nguvu ya magadi na mlenda unakatika, hauvutiki.

Povu likishuka, punguza moto. Nyunyiza unga wa mlenda kwa mkono mmoja huku mwingine ukipekecha kwa upekecho, kidogo kidogo. Ukiumwaga wote kwa mpigo utapata madonge yaliyo makavu ndani, na hayayeyuki hata upekeche mpaka jioni. Upike dakika tano bila kufunika. Ukifunika unafurika na kuzima moto, na rangi inageuka kahawia.

Karanga zikoroge kwanza na maji baridi kikombe kimoja, kama uji mzito, ndipo umimine. Moto uwe mdogo kabisa. Hapa ndipo watu wanapounguza: karanga huzama na kushika chini ndani ya dakika moja, kwa hiyo mwiko ukwangue kitako cha sufuria bila kuacha. Baada ya dakika kumi hivi harufu ya ubichi wa karanga inaondoka. Nyanyua mwiko: mlenda ushuke kwa uzi mrefu usiokatika upesi. Ukikatika, chembe ndogo ya magadi inaweza kuurudisha. Ukiwa mzito kama udongo wa kufinyangia, ongeza maji ya moto, ya baridi yanautenga.

Karanga zenyewe chagua moja moja kabla ya kutwanga. Zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zilizoota au zenye ukungu zitupwe, na usiwape kuku. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hivyo wanaosema "tumekula hivi tangu zamani" wasikuzuie kuchambua. Kwa nafaka ya kuhifadhi kuna kipimo rahisi: chukua chupa kavu ya kioo, tia nafaka mpaka robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache na uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina maji, irudishe mkekani.

Ugali wa uwele

Uwele una mafuta mengi kuliko nafaka zilizo nyingi, na mafuta hayo huanza kuharibika mara unga unaposagwa. Ndiyo sababu unga wa uwele uliokaa mwezi kwenye mfuko huwa mchungu na una harufu ya mafuta yaliyochacha. Bibi aliyesaga kwa jiwe kila jioni hakupata tatizo hilo. Wewe unayekwenda mashineni saga kilo mbili tu kwa mara moja, uzitandaze zipoe, kisha zitumike ndani ya wiki. Punje nzima iliyokauka hukaa mwaka bila shida.

Kabla ya kusaga peta, osha kuondoa mchanga, rushia maji kidogo, twanga kwenye kinu ili ganda litoke, peta tena, anika. Kukoboa kunapunguza uchungu, lakini ukikoboa sana unabaki na unga mweupe usio na ladha ya uwele. Mashineni uliza kilichosagwa kabla yako. Kama ni mahindi, kilo ya kwanza itakuwa mchanganyiko, iweke kando kwa uji.

Kwa watu watano: unga gramu 700, maji lita 1.4. Koroga gramu 100 za unga na mililita 300 za maji baridi. Maji yaliyobaki yakitokota, mimina mchanganyiko huo huku ukikoroga, uache uji uchemke dakika tano. Ongeza unga uliobaki kwa mafungu matatu au manne, ukisonga kwa kukandamiza kwenye ukuta wa sufuria. Funika dakika tatu moto mdogo, songa tena, pakua. Weka kikombe cha maji ya moto pembeni, maana unga mmoja hunywa maji kuliko mwingine.

Usitegemee ugali mweupe unaosimama kama wa sembe. Huu ni wa kijivu, laini, unashika vidole, na ukipoa unakuwa mgumu, kwa hiyo mlenda uive kwanza na ugali ufuate. Anayetumia mtama mwekundu ajue ladha ya ukakasi inatoka kwenye ganda. Kwa ugali mtama mweupe ni mwepesi zaidi.

Jioni yenyewe

Kubangua karanga ndiko kunakowaweka watoto kwenye mkeka. Mpe kila mtoto bakuli lake, mkubwa akague, na vitendawili vianze vyenyewe. Baada ya chakula, uji mwepesi wa uwele wenye ubuyu unafaa kwa baridi ile: kwa lita moja ya uji, gramu 30 za unga wa ubuyu ulioyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu na kuchujwa mbegu na nyuzi. Utie uji ukishatoka motoni, kwani vitamini C inapotea ukichemka. Maziwa usichanganye, yatakatika kwa ukali wa ubuyu.

Na jiko la mkaa libaki jikoni au nje. Kuliingiza chumbani na kufunga milango ili kupata joto kunaua watu usingizini, maana hewa yake ya sumu haina harufu.

Kumtumia ndugu aliye mbali

Mlenda wa kutuma pwani ufungwe kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana. Unyevu wa Dar es Salaam unaugandisha ndani ya siku chache ukiwa kwenye mfuko wa karatasi. Andika pia mlikopikia. Dodoma mjini ni takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Pwani huchemka kwenye 100, kwa hiyo njugu mawe na maharage huiva mapema kule. Kwa mlenda tofauti hiyo haionekani.

Kabla ya kutuma, mpe karatasi mtu ambaye hajawahi kulipika pishi hilo, kaa jikoni naye, na usiseme neno. Kila anapogeuka kukuuliza, hapo pana sentensi iliyokosekana, iandike. Karatasi iliyokwisha kupita mtihani huo huonekana hivi:

"Mlenda wa karanga wa bibi, watu 5. Jani: lililobandikwa nyuma. Sufuria sentimita 24, haifunikwi. Maji ml 750, nyanya 2, chumvi g 6, maji ya magadi (g 1), mlenda g 35, karanga g 100 zilizokorogwa na maji baridi. Umeiva ukitoa uzi. Ukinuka sabuni: magadi yamezidi, ongeza nyanya nusu na maji ya moto, uchemke tena. Ukishika chini: usikwangue, hamishia sufuria nyingine. Umepimwa mara 3, Julai, moto wa kuni."

Mpe bibi asomewe kwa sauti, na alitaje jina la jani tena.